Plastiki na tope jeusi la Dandora: Ndoa inayohitaji mshenga

Na Mwandishi Wetu

MKAZI wa Dandora ana maadui wawili anaowafahamu kuliko mgeni yeyote. Wa kwanza ni tope jeusi ambalo mvua ikinyesha hunasa viatu na kuwafanya watoto wafike shuleni na miguu mizito kama waliofungwa mawe. Wa pili ni plastiki: mifuko, chupa, mitungi na vifuniko ambavyo huziba mitaro na kurundikana katika jaa la taka lililo ubavuni mwa mtaa.

Maadui hao wawili wamelaaniwa kwa miaka mingi. Hata hivyo, ni wachache waliowahi kufikiria kwamba wakikutanishwa kwa njia inayofaa, wanaweza kuzaa kitu chenye nguvu kuliko mmoja wao akiwa peke yake.

Si ndoto wala mazingaombwe. Ni tawi la sayansi ambalo limekuwapo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na bidhaa zake zimefungwa ndani ya magari yanayopita barabarani. Wataalamu huziita nanokompositi za polima na udongo. Kwa lugha ya nyumbani, ni plastiki iliyochanganywa na udongo laini mno kiasi kwamba jicho haliwezi kuona mahali kimoja kinapoishia na kingine kuanza.

Lakini kama ilivyo katika ndoa, kuwakutanisha wawili ni jambo moja, kuwafanya waishi pamoja ni jingine. Hapo ndipo penye kazi, na hapo ndipo penye pesa.

Udongo wenye kurasa

Tuanze na tope. Udongo mweusi uliotanda upande wa mashariki wa Nairobi una tabia inayomsumbua kila mjenzi. Ukilowa, huvimba. Ukikauka, hujikunyata na kupasuka nyufa zinazoweza kumeza mkono wa mtoto.

Ndiyo sababu fundi hodari wa Eastlands hakubali kuweka msingi juu yake. Huuchimba na kuutupa hadi afikie mwamba au ardhi ngumu, kisha hujaza mawe kabla ya kumwaga zege. Anayejaribu kuokoa gharama hapo huja kulipa baadaye, kuta zinapoanza kupasuka.

Watu wa Dandora walilijua somo hili mapema. Mtaa wenyewe ulianzishwa katika miaka ya 1970 chini ya mradi wa serikali na Benki ya Dunia, ambapo familia zilipewa takriban ploti 6,000 zenye maji na choo, zikaachiwa kazi ya kujijengea vyumba kidogo kidogo. Wengi wao walipambana na udongo huo kwa jembe na karai.

Chanzo cha tabia hiyo ni madini yanayoitwa montmorilonaiti, jina lililotokana na mji wa Montmorillon nchini Ufaransa. Madini haya hayakuumbwa kama mchanga, ambao ni punje imara. Yameumbwa kama kitabu.

Kila chembe ni rundo la kurasa nyembamba zilizolaliana. Unene wa ukurasa mmoja ni takriban nanomita moja, yaani sehemu moja ya milioni ya milimita. Ungehitaji kupanga kurasa elfu themanini hivi ili ufikie unene wa unywele mmoja wa kichwa chako.

Katikati ya kurasa hizo mna chembe za sodiamu au kalisi zinazopenda sana maji. Mvua ikinyesha, maji hujipenyeza humo na kuzitenganisha kurasa. Kitabu kimoja kikivimba hakuna atakayeona. Mabilioni ya vitabu yakivimba kwa wakati mmoja, ukuta wa nyumba hupasuka.

Sasa hapa ndipo penye siri yote. Mlango ule ule unaoingiza maji na kuharibu nyumba ndio mlango ambao mwanasayansi huutumia kuingiza plastiki.

Kurasa hizo zikifunuliwa zote, gramu moja tu ya madini hayo hutoa eneo la zaidi ya mita 700 mraba. Gramu kumi, ambazo ni kama vijiko viwili vya chai, zingetosha kutandika uwanja mzima wa kandanda. Fikiria ni sehemu ngapi za kushikana ambazo plastiki ingezipata hapo.

Akala na vyungu

Na plastiki ni nini? Ni jamii ya vitu vinavyoitwa polima, maana yake ni minyororo mirefu ya molekuli, iliyosokotana kama tambi katika sufuria. Mfuko wa maziwa, mtungi wa maji, kamba ya nailoni na kiti cha plastiki cha hotelini vyote ni minyororo ya aina hiyo, ila pingu zake ni tofauti.

Minyororo hiyo huteleza. Ndiyo maana mtungi ukiachwa karibu na jiko hulegea, na kiti cha plastiki kikikaliwa na mtu mzito hupinda. Ili kuizuia isiteleze, viwanda hutia kitu kigumu ndani yake.

Wazo hilo si geni kwetu. Wafinyanzi wa Afrika Mashariki tangu zamani huchanganya udongo na mchanga au vigae vilivyopondwa ili chungu kisipasuke motoni. Waliojenga nyumba za udongo walitia nyasi au samadi kwa sababu iyo hiyo.

Mfano ulio karibu zaidi ni akala. Mpira wa tairi ukiwa peke yake ungekwisha upesi sana barabarani. Kinachoupa ukakamavu ni masizi laini yaliyochanganywa ndani yake, ambayo chembe zake hupimwa kwa nanomita, na ndiyo yanayoupa weusi wake. Mzee anayetembea na akala kwa miaka kadhaa bila ya kubadilisha soli amekuwa akikanyaga sayansi hii bila kujua.

Tatizo la vijazio vya kawaida ni kwamba vinahitajika kwa wingi. Ili nailoni iwe ngumu inavyofaa, aghalabu hutiwa unga wa mawe au nyuzi za kioo kiasi cha asilimia 20 au 30. Bidhaa hiyo huwa ngumu, ndiyo, lakini pia huwa nzito.

Mshenga kutoka Japani

Mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti wa maabara kuu ya kampuni ya magari ya Toyota nchini Japani, miongoni mwao Akane Okada na Arimitsu Usuki, walijiuliza swali jepesi. Je, ikiwa badala ya kutia punje za mawe tutatia kurasa za udongo zilizofunuliwa?

Kikwazo kilikuwa kimoja. Udongo hupenda maji, na plastiki nyingi hupenda mafuta. Ukivichanganya hivi hivi, kila kimoja hukimbilia kwa wenzake. Udongo hubaki madonge madonge, kama ugali uliosongwa na mpishi mwenye haraka.

Wajapani hao walitafuta mshenga. Walichukua molekuli yenye ncha mbili zenye tabia tofauti. Ncha moja hushika ukurasa wa udongo mahali palipokuwa na sodiamu, na ncha ya pili huungana na nailoni. Walipouweka udongo huo katika malighafi ya nailoni, malighafi ikaingia katikati ya kurasa. Minyororo ilipoanza kukua humo ndani, ikazisukuma kurasa mbalimbali hadi kitabu kizima kikafunuka.

Matokeo yaliwashangaza wengi. Kwa udongo usiofikia asilimia tano ya uzito, nguvu ya nailoni ya kustahimili kuvutwa ilipanda kwa takriban asilimia 40 au zaidi. Kiwango cha joto ambacho nailoni huanza kulegea chini ya mzigo kilitoka digrii 65 za Selsiasi hadi karibu 150.

Haikuchukua muda kabla ya Toyota kuitumia kutengeneza kifuniko cha mkanda wa injini, sehemu ambayo hukaa kwenye joto kali. Baadaye, katika magari ya modeli ya 2002, kampuni ya General Motors ya Marekani ilitumia plastiki yenye udongo wa aina hiyo katika vidato vya kupandia gari.

Njia tatu za kuchanganya

Tangu wakati huo, njia za kuchanganya zimegawanyika mafungu matatu makubwa.

Ya kwanza ni ile ya Toyota: malighafi huingizwa katikati ya kurasa, kisha plastiki hupikiwa humo humo. Hutoa matokeo mazuri, lakini huhitaji kiwanda cha kemikali.

Ya pili ni kuyeyusha plastiki katika kiowevu maalumu, kutia udongo, halafu kukausha. Njia hii hufaa maabara ya chuo kikuu, ingawa kiowevu chenyewe mara nyingi ni ghali na huwa na sumu.

Ya tatu ndiyo inayopendwa na viwanda. Plastiki huyeyushwa ndani ya mashine iliyo kama kinu cha kusagia nyama, yenye parafujo mbili zinazozunguka bega kwa bega. Udongo uliokwisha kutayarishwa hutiwa humo, na nguvu ya parafujo huzisugua kurasa hadi ziachane. Hakuna kiowevu, na mashine zinazohitajika ni za jamii ile ile inayotengeneza paipu na ndoo.

Lakini kwa plastiki kama zile za mitungi na vifuniko vya chupa, ambazo ni za mafuta mno, mshenga mmoja hatoshi. Hutiwa wa pili, yaani plastiki ya jamii iyo hiyo iliyopachikwa molekuli zinazopatana na udongo. Bila yeye, arusi huvunjika.

Ukweli hujulikana kwa kupimwa

Hadi hapa msomaji anaweza kudhani kazi imekwisha. La. Kuchanganya ni nusu ya safari. Mtu yeyote anaweza kuleta tofali au kipande cha plastiki na kuapa kwamba ni imara kuliko chuma. Maabara haisikilizi kiapo, hutaka kipimo.

Kipimo cha kwanza hutazama kama kurasa zimefunuka kweli. Miali ya eksirei hurushwa juu ya kipande, na pembe inayorudi nayo humwambia mtaalamu umbali kati ya ukurasa na ukurasa. Udongo mkavu huonyesha umbali wa nanomita moja hivi kutoka mwanzo wa ukurasa hadi mwanzo wa unaofuata. Umbali huo ukipanda hadi tatu au zaidi, plastiki imeingia ndani. Alama ikipotea kabisa, huenda kurasa zimetawanyika pasipo mpangilio, jambo ambalo ndilo linalotafutwa.

Mtaalamu mwangalifu hatosheki na hapo, kwa sababu alama inaweza kupotea kwa sababu nyingine pia. Hukata kipande chembamba mno na kukitazama kwa hadubini ya elektroni. Huko huziona kurasa zenyewe, kama nyuzi nyeusi katika ukungu.

Cha pili ni kipimo cha kuvuta. Kipande kilichokatwa mfano wa mfupa, chenye kiuno chembamba na ncha pana, hubanwa pande mbili na mashine ikakivuta polepole hadi kikatike. Mashine huandika nguvu iliyotumika na urefu ulioongezeka.

Hapa huonekana hila ya nanokompositi. Mara nyingi ugumu hupanda, lakini urefu wa kunyumbuka hupungua. Kitu kinaweza kuwa kigumu kuliko zamani na papo hapo kikawa chepesi kuvunjika. Ndiyo maana hufuata kipimo cha tatu, cha nyundo inayoning'inia kama pendulamu ya saa. Huachiliwa igonge kipande, na nguvu iliyomezwa wakati wa kuvunjika hupimwa. Mtungi wa maji usiopita kipimo hiki utapasuka siku ya kwanza utakapoanguka kutoka kwenye mkokoteni.

Cha nne ni joto na moto. Kipande hupashwa hatua kwa hatua huku uzito wake ukiangaliwa, ili ijulikane kinaanza kuoza kwa digrii ngapi. Utafiti wa Marekani na kwingineko umeonyesha kwamba plastiki yenye udongo uliotawanyika vizuri mara nyingi huungua kwa ukali mdogo. Kurasa hubaki juu kama ganda na kuikinga plastiki iliyo chini.

Cha tano hupima hewa na mvuke unaopenya. Molekuli ya oksijeni inayotaka kupita katika plastiki ya kawaida huenda moja kwa moja. Katika plastiki yenye kurasa za udongo, hulazimika kuzunguka huku na huku, kama mtu mwenye haraka anayejaribu kukatiza soko la Gikomba siku ya mzigo mpya. Atafika, lakini atachelewa. Ndiyo sababu watengenezaji wa vifungashio vya chakula waliipenda fani hii.

Na vipimo vyote hivyo havifanywi mara moja. Hufanywa kwa vipande kadhaa vya kila mchanganyiko, kisha hupigwa wastani. Kipande kimoja kilichofaulu hakithibitishi chochote, kama vile mwanafunzi mmoja aliyepata alama ya A hathibitishi kwamba shule nzima ni hodari.

Jaa lililojaa tangu 2001

Sasa turudi nyumbani, tuone malighafi tuliyo nayo.

Jaa la Dandora lilianza kutumiwa katikati ya miaka ya 1970, mahali palipokuwa na shimo la machimbo ya mawe. Kufikia mwaka wa 2001 lilitangazwa kuwa limejaa. Lakini malori hayakuacha kumwaga.

Mnamo 2007, Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP), lenye makao yake Gigiri, lilitoa ripoti juu ya afya ya watoto wanaoishi na kusoma karibu na jaa hilo. Watoto 328 walipimwa. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu yaliyofikia au kupita mikrogramu kumi kwa desilita, kiwango cha tahadhari cha wakati huo. Wengi walikuwa na maradhi ya kupumua.

Sehemu ya balaa hilo hutoka katika moshi. Plastiki ikichomwa ovyo, hasa ile ngumu ya paipu na nyaya, hutoa hewa yenye asidi pamoja na sumu ziitwazo dioksini. Anayeichoma ili apate shaba iliyo ndani ya waya huuza shaba kwa kilo, lakini mapafu yake na ya majirani hayana bei.

Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa kuanzia Agosti 28, 2017, kwa tishio la faini ya Sh2 milioni hadi Sh4 milioni au kifungo. Mifuko ilipungua. Chupa, mitungi, vifuniko na karatasi za vyakula vilibaki.

Mwaka huo huo wa 2017, mhandisi kijana wa Nairobi, Nzambi Matee, alianzisha kampuni ya Gjenge Makers baada ya kuacha kazi ya ofisini na kuanza majaribio katika ua wa nyumba ya mama yake. Alichanganya plastiki taka na mchanga, akaupasha moto mchanganyiko huo na kuushindilia kwa mashine hadi ukawa kabro za kutandika njia na viwanja. Ilimchukua miezi mingi ya kushindwa na kujaribu tena kabla ya kupata uwiano unaofaa.

Mnamo Desemba 2020, UNEP ilimtuza kuwa mmoja wa vijana mabingwa wa mazingira duniani. Mwaka uliofuata, shirika la habari la Reuters liliripoti kwamba kiwanda chake kilikuwa kikitoa vipande 1,500 kwa siku, na kwamba tangu kuanzishwa kilikuwa kimetumia tani 20 za plastiki taka.

Kabro hizo si nanokompositi. Mchanga hauna kurasa, na punje zake ni kubwa mara elfu nyingi. Lakini ni binamu wa karibu wa kile tunachokieleza, na zinafunza somo lile lile. Kilichomfikisha Matee sokoni si kuwa na plastiki nyingi, maana plastiki imejaa kila mahali. Kilichomfikisha ni kujua plastiki ipi inayeyuka pamoja na ipi, kwa joto gani, kwa kiasi gani cha mchanga, na kisha kukubali bidhaa ipimwe.

Mbona si Dandora?

Je, kijana wa Dandora anaweza kuchota tope mlangoni na chupa jaani akatengeneza mali kama ya Toyota? Jibu la kweli ni kwamba si leo, na si kwa jiko la makaa.

Kwanza, tope la mtaani si montmorilonaiti tupu. Limechanganyika na mchanga, chuma na mabaki ya mimea, na karibu na jaa lina pia metali za sumu ambazo UNEP ilizipata. Ni lazima udongo uchimbwe mahali safi, uoshwe, utenganishwe na kutiwa mshenga.

Pili, plastiki za jaani ni kabila nyingi zilizochanganyika. Ile ya chupa za soda huyeyuka kwa zaidi ya digrii 240, na kabla joto hilo halijafikiwa, ile ya paipu imekwisha kuanza kuoza na kutoa asidi. Ukizitia pamoja, unapata uji usiofaa kitu.

Tatu, plastiki iliyopigwa jua na kuyeyushwa mara kadhaa minyororo yake huwa imekatika. Udongo husaidia ugumu, lakini hauwezi kuunga mnyororo uliokatika.

Hata hivyo, hakuna kati ya vikwazo hivyo kisichokuwa na dawa. Kuosha, kuchambua na kupima ni kazi za mikono na akili. Shirika la Ukadiriaji Ubora wa Bidhaa (KEBS) lipo tangu 1974, taasisi ya utafiti wa viwanda ya KIRDI ipo, na vyuo vikuu vyetu vya uhandisi vina mashine za kuvuta na kugonga.

Anayeokota plastiki jaani huiuza kwa kilo, ikiwa chafu na imechanganyika, kwa bei anayoitaka broka. Aliyeichambua kwa aina huuza kwa bei bora. Aliyeisaga na kuiosha hupata zaidi. Na anayeweza kuweka mezani karatasi ya vipimo inayoonyesha nguvu na ugumu wa bidhaa yake, huyo haulizwi tena kilo. Huulizwa anaweza kuleta ngapi.

Plastiki ni ile ile katika ngazi zote nne. Kinachoongezeka ni ujuzi, na kwa sasa ngazi za juu hupandwa mbali na Dandora, huku moshi na risasi vikibaki Dandora.

Jaribio la nyumbani

Wanafunzi wanaweza kuanza leo bila moto na bila gharama. Onyo moja tu: plastiki isichomwe wala kuyeyushwa nyumbani, hata kwa majaribio.

Chukua chupa mbili zilizo wazi. Tia kijiko kikubwa cha udongo mweusi mkavu uliopondwa katika kila moja, kutoka mahali palipo mbali na jaa, halafu jaza maji. Katika chupa moja ongeza vijiko viwili vya chai vya chumvi. Tikisa zote kwa dakika mbili na uziache.

Ile yenye chumvi itaanza kung'aa mapema, na ile nyingine inaweza kubaki na ukungu hadi kesho yake. Katika maji matupu, kurasa za udongo husukumana na kuelea. Chumvi huzifanya zigandane na kuzama. Hapo umeona kwa macho yako tofauti ya kutawanyika na kuganda, ambayo ndiyo shida kubwa ya kila anayetengeneza nanokompositi. Ukimaliza, nawa mikono.

Jaribio la pili ni la kuchambua. Kata vipande vidogo vya kifuniko cha soda, pakiti ya maziwa na chupa yenyewe ya soda. Vitie katika maji yenye tone la sabuni, uvizamishe kwa kidole, kisha uviachilie. Kifuniko na pakiti vitaelea, na chupa itazama.

Kwa ndoo moja ya maji umetenganisha plastiki ambazo haziwezi kuyeyushwa pamoja. Tazama pia nambari iliyo ndani ya pembetatu chini ya chombo. Moja ni ya chupa za soda na maji, mbili na nne ni za mitungi na pakiti, tatu ni ile hatari ya paipu, na tano ni ya ndoo na vifuniko vingi.

Mwalimu wa sayansi anayetaka darasa lake lifanye zaidi anaweza kuomba ruhusa ya kulipeleka katika maabara ya chuo kikuu kuona mashine ya kuvuta ikikata kipande. Vikundi vya vijana vinavyozoa taka navyo vingefanya vyema kupeleka sampuli zao kupimwa kabla ya kukubali bei ya kwanza watakayotajiwa.

Mvua ijayo tope litanasa viatu tena, na mitaro itaziba tena. Lakini mtoto wa Dandora akiulizwa darasani montmorilonaiti ni nini, hana haja ya kutafuta picha kitabuni. Imeganda kwenye soli yake.